Chumba cha Nyuma ya Jiko

Tarehe 4, mwezi wa pili

Mdogo wangu,

Pokea salamu. Mimi mzima. Mgongo ndio ule ule. Usipige simu. Ilinitoka mfukoni nikimwaga zege, ikaenda nalo. Sasa iko ndani ya nguzo ya duka la mtu. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Kona, duka hili sasa lina mtandao." Basi itakuwa barua mpaka nipate nyingine.

Habari za hapa. Mwenye nyumba wangu anataka chumba chake. Mwanawe anaoa. Hakusema nami vibaya. Aliniletea chai kwanza, ndipo akaniambia. Nimepewa mpaka mwezi wa nane, na wewe mwezi wa nane ndio unarudi. Ukirudi utalala wapi? Mimi nitalala wapi?

Sikiliza. Seremala wa barabara ya juu anahamia kwa wanawe. Anauza nyumba. Niliingia jana. Vyumba vitatu. Paa zima. Milango kaitengeneza mwenyewe, ukifunga haipigi kelele. Ukuta wa kusini una ufa, nitauziba. Kile tulichoweka pamoja kinatosha.

Kiwanja chetu kibaki pori. Nimejengea watu maisha yangu yote. Nimechoka. Nataka kuingia nyumba iliyokwisha, nivue viatu.

Tununue. Nijibu.

Mimi kaka yako.


1 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua imenifikia imelowa, nadhani mpeleka barua aliinywea maji. Pole na mgongo. Pole na simu pia, ingawa nakujua, umefurahi.

Mimi nipo pale pale, chumba cha kufulia cha hospitali, napiga pasi mashuka kuanzia asubuhi. Goti linanisumbua. Msimamizi wetu mpya ni binti mdogo, ananiita "mama" halafu ananikaripia kama mtoto. Siku zangu hapa zinakwisha na sioni uchungu. Wenzangu wameanza kugombania kiti changu nikiwa bado nimekikalia.

Sasa hayo ya nyumba. Ya seremala sitaki. Usinune, nisikilize kwanza. Ukuta unamzoea mtu. Seremala kaishi mle, kaugulia mle, kapatana na kugombana na mkewe mle. Nikiingia mimi nitakuwa mgeni kwenye usingizi wake. Nimeishi miaka yote hii kwenye vyumba vya watu, kaka. Nataka mahali ambapo hakuna aliyewahi kulala kabla yangu. Kiwanja chetu hakijakaliwa na mtu. Yule aliyetuuzia alisema ni pori tangu babu zake.

Tujenge. Ndogo tu. Nakueleza ilivyo:

Mbele baraza, lakini lisiwe la pembe nne, liwe la mviringo kama nusu sahani. Ukiingia, korido. Isinyooke, ipinde kidogo kushoto, ili anayesimama mlangoni asione jikoni. Chumba changu kushoto, kikubwa. Chako kulia, kidogo, maana wewe huna vitu. Mwisho jiko, na jiko liwe chini kidogo, mtu ashuke kidaraja kimoja. Basi. Hakuna kingine nyuma yake. Jiko ndio mwisho.

Usiniulize nimeitoa wapi. Iko kichwani tangu niondoke huko.

Niandikie umeanza.

Dada yako.


Tarehe 29, mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mwenye nyumba anakusalimu. Shangazi wa yule bwana harusi kaja kupima dirisha la chumba changu, anataka pazia. Nilikuwa ndani, nimelala. Kapima tu.

Umenishinda, kama kawaida. Korido ya kupinda, sijui nani kakufundisha. Nilimwambia seremala asubiri kidogo. Akasema, "Nasubiri mpaka mwisho wa mwezi wa tano, Kona. Lakini mgongo huo haujengi kitu." Nikaenda kiwanjani na Mdomo. Unamkumbuka Mdomo, yule anayechimba na kusimulia kwa wakati mmoja. Tulifyeka siku mbili. Nikapiga vigingi, nikavuta uzi, tukaanza kuchimba pale ulipotaka baraza.

Kina cha goti, sululu ikagonga jiwe.

Nikadhani ni mwamba. Tukasafisha. Si mwamba. Ni mawe yamepangwa, yana udongo katikati, yamekaa kwa safu. Msingi. Mdomo akasema, "Mzee, hapa palishajengwa." Nikamwambia haiwezekani. Juu yake palikuwa na kisiki kinene kuliko mimi, mizizi yake imekumbatia mawe. Mti ule ulikuwa mkubwa tangu tunanunua.

Tukafuata mawe. Yanazunguka. Nusu sahani.

Tukaendelea ndani. Korido inapinda kushoto. Chumba kikubwa kushoto, kidogo kulia. Mwisho msingi unashuka, daraja moja.

Sikuhitaji uzi tena. Tulichimba tu kufuata barua yako.

Nilikwenda kwa mtu aliyetuuzia. Akaniapia, hapakuwahi kuwa na nyumba. Bibi yake ana miaka tisini, nikamuuliza. Akasema hapo walikuwa wanaogopa nyoka, hawakuweka hata banda.

Wewe uliwahi kufika hapo? Uliwahi kusikia kwa mtu? Niambie wazi.

Na jambo jingine. Ulisema jiko ndio mwisho. Sio mwisho. Kuna chumba kingine nyuma yake. Kidogo, kina nafasi ya mlango wa kutokea jikoni. Sijakichimba chote. Ni cha nani?

Mdomo kaacha kazi. Hakusema kitu. Mdomo, hakusema kitu. Kachukua beleshi lake kaenda.

Nijibu upesi.

Kaka yako.


Tarehe 6, mwezi wa tano

Mdogo wangu,

Hujajibu. Nimemuuliza mpeleka barua, akasema hana kitu changu. Nimemuuliza tena, akanionyesha mkoba. Natumai goti tu linakusumbua na si kitu kikubwa.

Sina mengi. Harusi imekaribia hapa, wamekwishaleta kitanda, kimesimama mlangoni kwangu, natoka kwa ubavu. Seremala alikuja kuniuliza. Nikamwambia bado.

Naenda kiwanjani peke yangu kila nikimaliza kibarua. Kuna jambo sikuliandika mara ile.

Unajua kazini wananiita Kona. Ni kwa sababu ya jicho langu la kulia. Tangu nifiwe na mke wangu, kona zangu za kulia zinatoka nje, upana wa kiganja. Kila msingi ninaopanga peke yangu. Fundi anakuja nyuma anarekebisha, anatukana, tunaendelea. Hakuna mwingine mwenye kosa hilo. Wangenifukuza zamani, ila nabeba kuliko vijana.

Nimepima msingi huu. Kona zake za kulia zimetoka nje. Niliweka kiganja changu pale. Kimekaa sawasawa.

Huu msingi ni wangu. Nimeupanga mimi. Na mimi sijaupanga.

Ila chumba cha nyuma ya jiko kona zake zimenyooka. Zote nne.

Sisemi zaidi. Jibu.

Kaka.


19 Mei

Kaka, shikamoo.

Mimi mzima. Goti halina neno. Barua yako ya mwezi wa tatu niliipata mapema tu. Niliiweka chini ya godoro. Iliyofuata ilipokuja nikaona hata godoro halitoshi.

Mtoto wa jirani kafaulu, wamepiga ngoma juu ya kichwa changu mpaka alfajiri. Binti msimamizi kanipa zawadi ya kuniaga mapema, kitambaa cha kichwa. Nimeanza kumpenda, sasa ninapoondoka. Unaona ninavyozunguka. Haya, nasema.

Nunua nyumba ya seremala. Leo, kabla ya mwisho wa mwezi. Ule msingi ufukie. Na chumba cha nyuma usikiguse, usiingie humo.

Hapo ningeweka kalamu chini, lakini nakujua, hutasikia mpaka upewe sababu. Sababu hii hapa.

Kazi ya pasi haitaki akili. Mkono unakwenda, akili inatoka. Yangu inakwenda kwenye nyumba ile. Napanda barazani, nashika korido, naingia chumbani kwangu, nakaa. Miaka yote hii. Ni starehe yangu, wenzangu wanaota waume, mimi naota korido. Nilidhani nimeitunga mwenyewe.

Lakini kuna mlango jikoni ambao haukuwepo mwanzo. Ulitokea mwaka ule ulioniandikia kwamba wifi ametutoka. Huwa umefungwa. Nyuma yake mtu anakohoa. Anakohoa mara mbili, halafu anasema kama anawaambia watu waliosimamisha kazi kwa ajili yake, "Haya, endeleeni."

Kila siku, kaka. Mimi sijafungua mlango ule. Nilipokuelezea nyumba nilikiacha kile chumba makusudi. Nikadhani nisipokitaja hakitajengwa.

Sikukuambia kwa sababu nakujua.

Nunua ya seremala. Nitalala popote, kwenye usingizi wa yeyote, sijali tena.

Dada yako.


Tarehe 11, mwezi wa sita

Mdogo wangu,

Barua imechelewa. Mwezi wa tano ulikwisha. Hata ingewahi ningefanya hivi hivi.

Wewe hukuwepo mke wangu alipougua. Ulikuwa huko huko kwenye mashuka. Sikuwahi kukuandikia alivyokohoa. Sikuwahi kukuandikia alichokuwa anasema akimaliza. Alikuwa anawaambia wapanga mawe, tukisimama kumtazama. "Haya, endeleeni." Hilo lilikuwa letu pale kazini.

Sasa nakueleza jambo. Tulifanya kazi pamoja mimi na yeye. Nikivuta uzi, yeye alishika ncha ya pili. Jicho langu halioni mstari, lake liliona. Alisema tu, "Kushoto. Bado. Hapo." Kona zikakaa. Mafundi walidhani ni mimi. Alipoondoka, kona zikaharibika, ndipo jina likaja. Wewe ulidhani ni utani.

Kwa hiyo chumba kimenyooka. Umeelewa. Vile vingine nilivipanga peke yangu. Kile alikuwepo.

Nimemwambia seremala atafute mtu mwingine. Akaniuliza kama naumwa.

Najenga. Nimeanza na chumba cha nyuma. Nilikichimba chote kwa mikono, sululu ingeumiza mawe. Nikapiga kigingi upande mmoja, nikafunga uzi, nikatembea na ncha nyingine kutafuta mahali pa kigingi cha pili. Uzi ukakaza kabla sijafika. Nikasimama. Nikasogea kushoto, ukalegea. Nikarudi, ukakaza. Nikapiga kigingi pale. Nilipopima, pamenyooka.

Sikuogopa. Nililia kidogo, nikachanganya udongo.

Ukuta umefika kifuani. Natoka kibaruani naenda moja kwa moja. Juzi nililala humo, hakuna paa bado, nikalala vizuri kuliko chumbani kwangu. Mwenye nyumba kaniuliza mbona nimekonda. Nikamwambia najenga.

Chumba chako nitakijenga baadaye. Njoo tu.

Kaka.


8 Julai

Kaka,

Shikamoo naiacha mpaka nikuone uso.

Sina habari za watu leo. Nimekusoma mara nyingi, mpaka nimeunguza shuka la watu kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Mimi nilimpenda wifi. Usije ukasema simtaki. Aliposhika uzi mkakaa sawa nyinyi wawili, mimi nilifurahi kwa mbali, na alipokufa nililia kwa mbali, kwenye mashuka, kwa sababu ndio kazi yangu. Lakini kuna kitu sikukiandika kwenye barua ile. Nilidhani ya kikohozi yangetosha kukuogopesha. Nilisahau kwamba wewe ungeyafurahia.

Nyumba ile natembea ndani yake miaka yote. Chumba changu kina kitanda, kimetandikwa. Nakaa juu yake, shuka halijikunji. Kimetandikwa na hakijalaliwa. Chako nimechungulia. Viatu vyako viko chini ya dirisha, vimejaa vumbi mpaka juu, buibui kafunga mdomo wa kimoja. Jikoni majivu ya baridi. Sijawahi kukuona mle hata siku moja. Sijawahi kujiona kwenye kioo cha korido. Nyumba nzima anayekaa ni mmoja tu, na yuko nyuma ya mlango.

Wewe umejenga, mimi nimeeleza, hatupo. Tulikwenda wapi?

Na ile nyumba ilifunikwa na udongo na mti ukaota juu yake. Umejiuliza ni nani alituzika?

Sikulazimishi. Wewe ni mkubwa wangu. Nimekata tiketi, nafika tarehe kumi na tano Agosti. Nitashuka kituoni na masanduku yangu mawili, nitauliza nyumba ya seremala. Ukiwa humo, au karibu yake, au hata umekaa nje barabarani kwa sababu seremala keshauza, nitakaa na wewe barabarani. Ukiwa kule kiwanjani sitakuja kukutafuta. Sitapanda baraza lile nikiwa macho. Nitageuka na gari lile lile.

Nina kaka mmoja. Wifi alikuwa na mume mmoja, najua. Lakini mimi bado nakula, kaka. Bado naumwa goti. Bado nataka mtu wa kumkera jioni.

Chagua, uniandikie.

Dada yako.


Tarehe 2, mwezi wa nane

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima.

Harusi imefanyika. Nilicheza kidogo, mgongo ukanikamata, wakanibeba na kiti. Watu walicheka sana. Bwana harusi kaingia chumbani kwangu na mimi nimetoka. Mwenye nyumba alilia, mimi nikamwambia aache, kodi hailii.

Barua yako nilikaa nayo siku nyingi. Niliisoma mle ndani, ukuta umekwisha, bado paa tu. Mwanzo nilikasirika. Nikasema huyu kila siku anapanga maisha ya watu kwa pasi yake.

Halafu nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevivua mlangoni nilipoanza kulala mle. Vilikuwa na vumbi. Sio vumbi la siku mbili tatu. Nilikuwa nakwenda kazini nimevaa nini? Nikamuuliza fundi kesho yake. Akanitazama. Akasema, "Kona, wewe hujaja kazini tangu mwisho wa mwezi wa sita." Mimi nakumbuka nimekwenda kila siku. Nakumbuka zege. Nakumbuka hata utani.

Sikukaa tena. Nilimchukua Mdomo. Hakutaka, nikamwambia asimame tu juu aongee. Akaongea. Kaongea mambo ya ng'ombe, ya shemeji yake, ya mtu aliyemeza ufunguo, nilimshukuru kwa kila neno. Mimi nikabomoa. Ukuta ulikuwa mzuri, mdogo wangu. Ukuta mzuri kuliko wote niliojenga. Niliutoa jiwe kwa jiwe, sikuuangusha.

Uzi ulikuwa bado umefungwa kwenye vigingi. Nilishika ncha yangu. Ulikuwa umekaza. Nikasimama nao kidogo, Mdomo akanyamaza, nikamwambia aendelee kuongea. Nikaulegeza polepole, kama ninayemshusha mtu kwenye kiti. Halafu nikaukata.

Sikusema maneno. Sikuyapata. Ningeyapata ningebaki.

Tukafukia. Wewe hujui kazi hii, nakuambia. Udongo ukiutoa shimoni haurudi wote, siku zote unabaki kilima, tunaupakia tunautupa. Huu wetu haukutosha. Tuliurudisha wote, na shimo la chumba cha nyuma likabaki wazi, urefu wa mtu. Hakuna aliyeuchukua. Mdomo alikataa kutazama. Nililetewa mikokoteni miwili ya udongo wa barabarani, ndipo likajaa.

Seremala alikuwa hajauza. Kanicheka. "Nilisema mgongo huo haujengi." Kanipa funguo, akapanda lori na randa zake, kaenda.

Niko humo tangu juzi. Ufa wa kusini nimeuziba. Chumba chako nimekipaka chokaa. Nimevua viatu, nimekaa chini, kama nilivyotaka. Usiku nasikiliza. Milango haipigi kelele, nilikuambia. Hakuna anayekohoa. Nyumba imenyamaza kabisa, na mimi sijazoea nyumba ya namna hii. Naamka kutega sikio, najikuta nimesimama jikoni.

Tarehe kumi na tano nitakuwa kituoni tangu asubuhi. Njoo upige kelele.

Mimi kaka yako.